Maswali ya Wasomaji: Kwaya Mbele ya Waumini

Barua zinazohusu kwaya hutufikia mwaka mzima, lakini huongezeka kila Pasaka inapokaribia, wakati mazoezi yamekuwa mengi na uvumilivu umepungua. Katika toleo hili mwalimu wetu wa muziki wa kanisa anajibu sita kati ya hizo. Majina ya walioandika, ya sharika na ya parokia zao hatuyachapishi.

Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Nimekabidhiwa kuifundisha kwaya kuu ya usharika wetu. Kwaya inaimba vizuri, na washarika wanaipenda kiasi kwamba wengine hutoa simu na kuirekodi. Hata hivyo wimbo wa kitabuni unapotangazwa, sauti inayosikika ni ya kwaya peke yake. Mchungaji ameniuliza kwa upole kwa nini usharika umeacha kuimba, nami sikuwa na jibu. Nifanye nini?
*Mwalimu wa kwaya, Morogoro*

Amina, mwalimu mwenzangu. Swali alilokuuliza mchungaji ni zito kuliko mengi ambayo mwalimu wa kwaya huulizwa, na nashukuru kwamba limekukosesha raha. Kwaya haikuwekwa kanisani iimbe kwa niaba ya watu walionyamaza. Imewekwa ili watu wote waimbe, na waimbe vizuri zaidi kuliko ambavyo wangeimba kama kwaya isingekuwepo. Kwaya inayosifiwa huku kanisa limefunga midomo bado haijaifanya kazi yake, hata kama sauti zake nne zimepangika vizuri kabisa.

Soma tena habari za waimbaji wa Daudi. Katika sura ya 25 ya Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati wanahesabiwa waimbaji 288, mastadi wote, wakagawanywa katika zamu 24 za watu 12 kila moja, na kura zikapigwa bila kumbagua mdogo na mkubwa, mwalimu na mwanafunzi. Huo ni utumishi uliopangwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini rudi nyuma hadi sura ya 16, siku Asafu na ndugu zake walipokabidhiwa zaburi ya shukrani mbele ya sanduku la agano, uone jinsi wimbo ule unavyomalizikia: watu wote wanasema Amina na kumhimidi Bwana. Waimbaji walianza, na taifa likamalizia.

Kanisa limelazimika kujikumbusha jambo hili mara kwa mara katika historia yake. Mwaka 1524, nyimbo za Martin Luther zilipoanza kuchapishwa kwa Kijerumani ili watu waimbe kwa lugha yao, Johann Walter alitoa mwaka huohuo kitabu cha kwaya chenye nyimbo za namna hiyo zikiwa zimepangwa kwa sauti kadhaa, kwa hiyo kwaya ikawa inawafundisha watu wimbo ambao ni wao wenyewe. Kwa upande wa Wakatoliki, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, iliyotolewa Desemba 1963, inaagiza kwamba kwaya ziendelezwe kwa bidii, na papo hapo inawataka wachungaji wahakikishe waumini wote wanaishiriki sehemu yao katika nyimbo. Mambo hayo mawili yamewekwa katika aya moja, nami naamini hayakuwekwa pamoja kwa bahati.

Sasa tuje kwenye usharika wako. Kabla hujawalaumu washarika, chunguza ufunguo ambao mpiga kinanda wako anautumia. Waumini wa kawaida, wasiofanya mazoezi ya sauti, huimba kwa raha kuanzia C ya katikati ya kinanda hadi D iliyo juu ya C inayofuata. Wimbo ukipanda zaidi ya hapo, wanaume huanza kuporomoka sauti, wazee hunyamaza, na baada ya beti mbili wanabaki soprano wako peke yao. Wimbo unaopanda hadi d', yaani do ya juu, ukiwekwa katika G, noti hiyo ya juu inakuwa G, nayo haifikiki kwa mama aliyeamka alfajiri kuandaa watoto na kutembea hadi kanisani. Wimbo huohuo ukiushusha hadi D, kanisa zima linaufikia. Kwaya hupenda ufunguo wa juu kwa sababu unang'aa, na katika wimbo wenu wa kwaya mna ruhusa ya kuutumia. Katika wimbo wa kitabuni mwenye kuamua ni koo la mshirika.

Jambo la pili ni utangulizi wa kinanda. Siku hizi wapigaji wengi huanza kwa mapambo marefu yasiyofanana na wimbo wenyewe, kisha wanaingia ghafla, na watu hawajui waanze wapi. Mwombe mpiga kinanda wako apige mstari wa mwisho wa wimbo kama ulivyo, kwa kasi ileile itakayotumika, kisha asubiri muda wa pumzi moja. Katika pumzi hiyo wewe geuka. Nasisitiza neno hilo: geuka, uwape kwaya mgongo, uwatazame washarika, na mkono wako uwaonyeshe wao mahali pa kuanzia. Kwaya yako inaujua wimbo na haihitaji uso wako katika ubeti wa kwanza.

Halafu punguza sauti za spika. Mtu asipojisikia yeye mwenyewe wala jirani yake, huacha kuimba, kwa kuwa haoni tofauti yoyote akiimba au akinyamaza. Kwaya ya watu 30 katika kanisa la ukubwa wa kawaida haihitaji vipaza sauti sita ili kuongoza wimbo ambao watu wanaujua. Imbeni ubeti wa kwanza wote kwa sauti moja, sauti nne ziingie ubeti wa pili, na katika ubeti mmoja wa katikati kinanda kinyamaze kabisa ili watu wajisikie. Mara ya kwanza watashtuka. Vumilia, maana mara ya tatu au ya nne utasikia sauti za besi kutoka viti vya nyuma ambazo hukujua kwamba zipo.

Wimbo mpya nao hauwezi kuimbwa na watu ambao hawajafundishwa. Omba dakika kumi kabla ya ibada, fundisha kiitikio peke yake, mstari kwa mstari, bila kinanda, kisha urudie wimbo huohuo Jumapili tatu mfululizo kabla hujaleta mwingine. Kama kwaya zote za usharika, kuanzia ya vijana hadi ya akina mama, zinapewa nafasi kila Jumapili na kila moja inaleta wimbo wake mpya, washarika wanabaki watazamaji kwa sababu hawaachiwi kitu cha kufanya. Hilo si la kulitatua peke yako: kaa na mchungaji na viongozi wa kwaya hizo, mkubaliane idadi ya nyimbo, na kwaya yako kuu iwe ya kwanza kuachia nafasi.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanakwaya wa sauti ya pili katika kwaya ya vijana ya parokia yetu. Nyimbo mpya tunazipata kwa kusikiliza rekodi kwenye simu na kukariri. Mzee mmoja aliyeimba zamani anasema kwaya isiyosoma nota si kwaya. Je, ni kweli? Na mtu mwenye miaka 24 kama mimi anaweza bado kujifunza?
*Mwanakwaya, Songea*

Marahaba, binti yangu. Mzee wako amesema kwa ukali, ingawa ana hoja. Babu na bibi zetu waliimba kwa sauti zinazopishana na kujibizana bila karatasi yoyote, na hakuna mwenye haki ya kusema kwamba hawakuimba. Kukariri si aibu. Hasara ya kutegemea rekodi ni kwamba mnakariri pamoja na makosa ya waliorekodi, mnaiga hata pumzi walizovuta mahali pasipofaa, na sauti yako ya pili, ambayo katika rekodi nyingi imefunikwa na soprano, mnaibahatisha. Baada ya mwaka mmoja kila mwenye sauti ya pili ana sauti yake ya pili.

Nota utaziweza. Wamisionari wengi walifundisha kwaya za Afrika kwa mfumo wa solfa, ule wa d r m f s l t, ambao mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, aliuanzisha na mchungaji John Curwen akauendeleza katika karne ya 19, akiwa na nia ya kuwawezesha watu wasio na vinanda wala fedha za kulipia masomo ya muziki waweze kusoma nyimbo. Uzuri wake ni kwamba d haikufungwa mahali pamoja. Juu ya karatasi utaandikiwa do ni G, au do ni F, na ngazi nzima inahamia hapo, huku uhusiano wa noti ukibaki uleule: kati ya m na f, na kati ya t na d', pana hatua ndogo, na kwingine kote hatua ni nzima. Ukiishika ngazi hiyo moja masikioni, umezishika funguo zote.

Mpigo nao unasomeka kwa alama chache. Mstari wa wima unaonyesha mahali pa mpigo wenye uzito, nukta mbili zinatenganisha mpigo mmoja na mwingine, na kistari kinakuambia uendelee kuishikilia noti uliyonayo. Ukikutana na | d : d | r : m | s : — |, unaimba d mara mbili, kisha r, kisha m, kisha s inayokaa mipigo miwili. Kistari kidogo juu ya herufi kinaipandisha noti kwenye ngazi ya juu, na kilicho chini kinaishusha. Nakala nyingi za watunzi wa siku hizi, hasa katika parokia za Kikatoliki, zimeandikwa kwa mistari mitano, na huko nako utafika. Lakini anza na solfa, kwa kuwa inalifundisha sikio kabla ya jicho.

Jifunzeni wawili au watatu, si peke yako. Anzeni kila zoezi kwa kupanda na kushuka ngazi bila kinanda, kisha mwenzako aonyeshe herufi kwa kidole, bila mpangilio, nawe uimbe. Baada ya hapo chukueni wimbo mnaoujua vizuri, muuimbe kwa solfa badala ya maneno. Mtakapoanza wimbo mpya, someni kwanza mpigo kwa kupiga makofi, pili noti, na maneno yaje mwishoni. Mwalimu wenu akipanga sauti nne, mwombeni aanze kwa kuoanisha besi na soprano, kwa sababu hizo mbili ndizo kuta za wimbo, halafu alto na tenori waingie kati.

Kuna faida nyingine ya kusoma nota ambayo kwaya za vijana haziisikii ikitajwa mara nyingi, nayo ni kuyatendea haki maneno. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika «Mwokozi» uzito uko kwenye «ko», na katika «ninakupenda» uko kwenye «pe». Anayesoma nota huona mara moja kama mtunzi ameiweka silabi hiyo kwenye mpigo wenye nguvu au ameikosa. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa na kulazimishwa ndani ya mahadhi ya Ulaya zinatutamkisha Kiswahili ambacho hakuna mtu anayekizungumza, na tumezizoea tu. Mwanakwaya anayelitambua jambo hili ataulegeza mpigo uliokosewa na kuupa uzito pale neno linapoutaka, na muumini wa kiti cha nyuma atalisikia neno. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba ataimba kwa roho, tena ataimba kwa akili pia. Kusoma nota ni sehemu ya hiyo akili.

Tumsifu Yesu Kristo. Kwaya yetu ilipoanza kutumia ngoma, manyanga na kayamba, mzee mmoja wa kigango alisimama akasema vyombo hivyo ni vya wapagani na kwamba kanisani panafaa kinanda peke yake. Vijana wamechukizwa, wengine wanataka kuhama. Mwalimu unasemaje?
*Katibu wa kwaya, Mwanza*

Milele amina. Nasema kwanza kwamba vijana wasihame, na pili kwamba mzee asidharauliwe. Wapo wazee waliokatazwa ngoma na wamisionari walipokuwa watoto, wakaadhibiwa kwa kuzicheza, na leo wanaambiwa kwamba kile walichokiacha kwa machozi kilikuwa kizuri siku zote. Hilo si jambo dogo kwa mtu wa umri wake. Nendeni kwake nyumbani, wachache, pamoja na mtu anayemheshimu, mkamuulize ngoma inamkumbusha nini. Pengine anazikumbuka ngoma za pombe au za uganga, na mkijua hivyo mtajua pia ni midundo ipi ya kuiacha nje ya kanisa.

Kuhusu sheria za Kanisa lenu, msiwe na wasiwasi. Hati ile ya mwaka 1963 niliyoitaja hapo juu inasema wazi kwamba mataifa yenye mapokeo yake ya muziki yapewe heshima yao katika ibada, na mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alitoa kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa jirani zetu wa Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, Roma iliidhinisha mwaka 1988 misale kwa ajili ya majimbo ya huko, na misa yao ina ngoma na mwendo wa mwili. Ndugu zetu Walutheri nao walipita njia hiyo. Howard Olson, mmisionari kutoka Marekani aliyefundisha katika chuo cha theolojia cha Makumira, alitumia miaka mingi kukusanya na kuchapisha nyimbo za Kikristo zenye mahadhi ya Kiafrika, na wimbo wa Pasaka ambao Mchungaji Bernard Kyamanywa aliutunga mwaka 1966, «Mfurahini, Haleluya», ulivuka bahari ukaingia katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Marekani. Watu wa mbali waliupokea wimbo huo kwa furaha ukiwa na mahadhi yetu, na ingekuwa huzuni kubwa sisi wenyewe tukiyaonea aibu.

Pamoja na hayo, ngoma ina adabu zake. Ngoma inayofunika maneno imeuharibu wimbo hata kama mpigaji ni hodari. Iwekeni nyuma ya besi, si mbele ya kipaza sauti. Mpigaji atumie viganja na vidole panapohitaji upole. Na katika «Bwana utuhurumie», pamoja na kipindi chote cha Kwaresima, jifunzeni kuinyamazisha. Siku ya mkesha wa Pasaka, itakapolia tena kwenye Utukufu, nadhani hata mzee wenu atasikia kwa nini ilinyamaza.

Mwalimu, salamu katika jina la Bwana. Mwanakwaya mwenzetu, mama mjane, amesimamishwa kwa kushindwa kulipia sare ya pili ndani ya mwaka mmoja. Wakati huohuo mapato ya uzinduzi wa albamu yetu hayajawahi kusomwa mbele ya wanakwaya. Tukiuliza tunaambiwa tunaleta mgawanyiko. Je, hii ni haki?
*Wanakwaya watatu, Mbeya*

Si haki, na nalisema bila kuzunguka. Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anawakemea waliompa mtu mwenye mavazi mazuri kiti cha heshima na kumwambia maskini asimame kando. Kwaya inayomtoa mama mjane kwa sababu ya kitambaa imefanya jambo hilohilo, tena mbele ya madhabahu. Sare ina faida: inaondoa mashindano ya mavazi, na inamsaidia anayetazama asimtazame mtu mmoja mmoja. Sare inayozaa mashindano mapya na kumfukuza asiye nacho imekwisha kuipoteza faida hiyo. Pendekezeni majoho yanayomilikiwa na kanisa na kutunzwa kanisani, ambayo mtu huyavaa akija na kuyaacha akiondoka. Kama kitenge hakina budi, kiwe kimoja kwa miaka kadhaa, na kwaya iwe na mfuko wa kimyakimya wa kuwalipia wasioweza bila majina yao kutangazwa.

Mama huyo arudishwe kwanza, hata kabla kikao cha sare hakijaitishwa. Aende kwake mwenyekiti mwenyewe, si kumtuma katibu na barua.

Kuhusu fedha, Biblia haioni aibu kuzizungumzia pamoja na waimbaji. Nehemia aliporudi Yerusalemu alikuta Walawi na waimbaji wamekimbilia kila mtu shambani kwake, kwa kuwa hawakupewa sehemu zao, na Nehemia hakuwaambia waimbaji kwamba wanaleta mgawanyiko, bali aliwagombeza wakubwa. Kisha akaweka watunza hazina walioaminiwa, akawapa kazi ya kugawa. Fuateni njia hiyo. Fedha za kwaya zikae katika akaunti yenye watia sahihi zaidi ya mmoja, akiwemo mtu kutoka baraza la usharika. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya wanakwaya wote kwa vipindi mlivyokubaliana, na ya kila uzinduzi isomwe peke yake. Ombi lenu liandikeni kwa heshima, mlitie sahihi, mlipeleke kwa mwenyekiti na nakala kwa mchungaji. Msilipeleke kwenye kundi la simu.

Kuna mtu mwingine anayesahauliwa pesa za albamu zinapogawanywa, naye ni mtunzi. Wimbo haugeuki kuwa mali ya kwaya kwa sababu kwaya imeurekodi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndicho chombo kinachosimamia haki hizo. Kabla ya kurekodi, ombeni ruhusa kwa maandishi, kubalianeni malipo, na jina la mtunzi liandikwe kwenye kila nakala na kila video. Nimewaona watunzi wa vijijini wanaosikia nyimbo zao redioni zikitajwa kwa jina la kwaya peke yake, na wengi wao huacha kutunga.

Mwalimu, mimi ni mke na mama wa watoto watatu. Mazoezi yetu yamepangwa kuanza saa kumi na moja jioni, lakini wengi hufika saa kumi na mbili na nusu, na tunamaliza saa tatu usiku. Mume wangu si mtu wa kunizuia, ila ameanza kulalamika. Mwalimu wa kwaya anasema anayempenda Mungu haangalii saa. Nifanyeje?
*Dada wa kwaya, Dodoma*

Dada yangu, malalamiko ya mume wako ni ya haki, nawe una haki ya kuyafikisha kwa viongozi wako. Mungu hatumikiwi kwa kuwapotezea watu muda. Daudi aliwapanga waimbaji wake kwa zamu, na zamu ina mwanzo na mwisho wake.

Zungumza na mwenyekiti, ikiwezekana ukiwa na akina mama wengine wenye watoto, mpendekeze mambo mawili tu. La kwanza, zoezi lianze kwa saa iliyotangazwa hata kama wamefika watano, nao wapashe sauti na kusoma ngazi, kwa kuwa anayejua kwamba zoezi limeanza bila yeye ataanza kuwahi. La pili, saa ya kufunga itajwe kabla ya kuanza na iheshimiwe. Saa moja na nusu ya kazi iliyoandaliwa inatosha kabisa kufundisha wimbo mmoja mpya na kurekebisha miwili ya zamani, mradi mwalimu amekuja akiwa anazijua sauti zote nne badala ya kuja kuzitafuta mbele yenu. Wasipokubali, omba zoezi la Jumamosi mchana likuhusu wewe, na la usiku uliache bila kujiona msaliti. Mume naye usimwache nje ya jambo hili: mwambie unachoimba, mweleze wimbo wa Jumapili ijayo una maneno gani, na siku moja mwalike aje asikilize zoezi lenyewe.

Mwalimu, kila baada ya mkesha besi wetu wote hukauka sauti. Wengine wanakunywa mayai mabichi, wengine wanatafuna tangawizi. Kipi kinasaidia kweli?
*Mwenyekiti wa kwaya, Mombasa*

Mayai mabichi hayasaidii, kwa kuwa chakula kinapita njia yake kwenda tumboni na hakizigusi nyuzi za sauti, ambazo zimo ndani ya zoloto, katika njia ya hewa. Tangawizi inaweza kulituliza koo, lakini haiponyi uchovu wa nyuzi. Mwanakwaya anapoimba A iliyo juu ya C ya katikati, nyuzi zake zinagongana mara 440 kwa kila sekunde. Fikiria basi saa sita za mkesha wa namna hiyo, katika vumbi la kucheza, na maji hakuna.

Kinachosaidia ni maji ya kawaida, kidogo kidogo, tangu mchana wa siku hiyo, pamoja na kupasha sauti taratibu kabla ya kuanza, na kupangiana zamu ili kila mtu apate muda wa kunyamaza usiku. Besi waache kukohoa kwa nguvu ili kusafisha koo, kwani kunaziumiza nyuzi zaidi. Wameze mate au maji badala yake. Wasinong'one pia wakidhani wanapumzika, maana kunong'ona kwa nguvu kunachosha nyuzi vilevile. Siku inayofuata mkesha wazungumze kidogo na wasiimbe kabisa, hata kama pana harusi ya kuimba. Vijana wa miaka 13 au 14 ambao sauti zao zinavunjika wasilazimishwe kujaza pengo la besi. Waimbe pale sauti inapowapeleka, kwa upole. Na kama kuna yeyote ambaye sauti yake imekauka kwa zaidi ya wiki tatu bila kurudi, aache kuimba na aende hospitali akamwone daktari wa masikio, pua na koo.